Kipande chenye Mshipa Mweupe

Kila akitoka shule, Dufie alitupa mkoba kitandani na kukimbilia uani kwa Nana Takyiwaa, bibi yake aliyemlea. Tangu anatambaa alikuwa akifuata mawe, na sasa, mwenye miaka kumi na miwili, mifuko ya sare yake yote ilikuwa imetobolewa na kokoto.

"Ukiolewa utampikia mumeo mawe," binamu yake Boatemaa alimtania.

"Nawe utakuja kuomba ukoko," Dufie alimjibu.

Nana ndiye aliyeyageuza mapenzi yale kuwa kazi. Mawe mekundu ya mlimani waliyavunja, wakavitoboa vipande, wakavitunga kwenye waya na kuvisugua pamoja kwenye mfereji wa jiwe kubwa lililolowa maji, mpaka vikawa shanga. Wiki ile walitengeneza shanga za kiuno za kichanga wa shangazi Pokuaa, azivae asubuhi ya kupewa jina.

Kabla ya kutungwa, kila kipande hugongwa kwa ukucha. Kizima hulia. Chenye ufa hunyamaza, nacho hutupwa. Masikio ya Nana yalikuwa mazito, kwa hiyo kusikiliza ilikuwa kazi ya Dufie.

Kimoja kilikuwa na mshipa mweupe, kizuri kuliko vyote. Dufie alikigonga, kikanyamaza. Akakigonga tena, kimya. Moyo ulimkatalia kukitupa. Akakitunga katikati.

"Umevisikiliza vyote, mama?"

"Vyote, Nana."

Nana akaketi kusugua. Hakufika mbali. Kile kipande kilipasuka, waya ukakatika, vigae vikamchana kiganja, na shanga nyingine zikavunjika. Akaitazama damu yake ikichanganyika na maji mekundu.

"Nimekandamiza mno," alisema taratibu. "Mkono umezeeka. Labda Mungu ananiambia nipumzike."

Dufie aliinama, akaanza kuokota vigae.

Siku ya jina, mtoto alifungwa uzi mtupu kiunoni. "Si neno, Nana," shangazi Pokuaa alisema, lakini hakumtazama usoni. Waliporudi nyumbani, Nana alivifunga vyombo vyake vya kazi kwenye kitambaa.

"Mpelekee mama yake Boatemaa. Mimi basi."

Dufie alilipokea furushi, akaliweka chini.

"Nana, si mkono wako. Kile chenye mshipa mweupe kilinyamaza. Nilikitunga nikijua."

"Mbona hukusema palepale?"

"Niliogopa."

"Na uliponisikia nikiulaumu mkono wangu?"

Dufie alilia, na Nana hakumnyamazisha.

Kesho yake walianza upya. Dufie alisugua, Nana akaelekeza, kisha akashindwa kuvumilia, akamsogeza pembeni na kusugua mwenyewe. Shanga zilitoka laini. Mtoto alivalishwa nyumbani kwao, bila ngoma wala wageni. Shangazi aliwashukuru wote wawili, lakini Dufie alijua asubuhi ile ya jina haitarudi.

Njiani, Nana alimshika mkono.

"Sikukatazi kuyapenda mawe. Mimi mwenyewe nimezeeka nikiyapenda. Na kiganja kimepona. Lakini uliponyamaza, kosa lako nililibeba mimi, nikaanza kuuchukia mkono alionipa Mungu. Ukikosa, mjukuu wangu, sema siku ileile, asije akaumia nalo mtu asiyelitenda."

"Nisamehe, Nana."

"Nimekusamehe. Twende, tukapike."