Saa Nane, Pagoda ya Ha

"Soko la Dong Xuan liondoe," Toan aliniambia kwenye simu. "Mama anasema soko hata Thai Binh lipo."

"Ziwa la Hoan Kiem?"

"Liache."

"Pagoda ya Tran Quoc?"

"Iache pia. Halafu... eeh... weka na Pagoda ya Ha. Mchana hivi, kabla ya basi lake la kurudi."

Nilikuwa nimeshaandika "Pagoda ya", kalamu ikasimama.

Naitwa Khuyen na kazi yangu ni kupanga siku za watu. Mgeni anashuka Hanoi asubuhi, jioni anaondoka. Mimi nipo ofisini Mtaa wa Hang Be, namwambia aanzie wapi, ale nini, avuke barabara vipi pikipiki zisimpitie. Mwaka wa tisa huu. Kwa hiyo najua watu huenda pagoda ipi, yaani hekalu lipi la Kibudha, kuomba nini. Pagoda ya Ha ni ya wasio na mtu. Unakwenda kuomba mwenza, ukimpata unarudi kushukuru, basi. Mwenye mchumba akaombe nini pale?

"Toan, mama yako anakwenda kumwombea nani?"

Alikohoa.

"Yeye mjane wa miaka sitini na sita, hatafuti bwana. Dada yako ameolewa. Kwenu amebaki nani?"

"Khuyen, ngoja nikueleze."

"Nakungoja."

"Sijamwambia bado."

Miaka miwili na nusu tuko pamoja. Anakula kwangu mara tatu kwa wiki. Binti yangu Ngan, wa miaka saba, akichora familia anamchora na yeye, tena katikati. Na kila akitoka kwao Thai Binh ananiambia, "Mama anakusalimia."

"Zile salamu je?"

"Nilikuwa nazitunga."

"Na zile keki za mchele ulizosema amenitumia?"

"Nilinunua stendi."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mwenzangu wa meza ya pili alinyanyua macho akayarudisha haraka kwenye kompyuta yake.

"Tatizo nini hasa, Toan? Nimekuzidi miaka mitatu? Nimeachika? Au ni Ngan?"

"Mama ni mtu wa kijijini. Akishasema hapana, hata umlilie. Nilitaka kwanza akuone, akuzoee."

"Anione kama nani?"

"Nimemwambia mtu wa kampuni ya utalii atatutembeza."

Nilivuta pumzi. Kisha nikaandika neno lililobaki: Ha. Saa nane mchana.

"Sikia," nikamwambia. "Nitamtembeza mama yako, na atafurahi. Nawe una kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane kumwambia mimi ni nani. Tukifika pale hujasema, usiniulize nitafanya nini."

"Utafanya nini?"

"Si nimekwambia usiulize?"

*

Bi Luu, mama yake Toan, alishuka stendi ya Giap Bat na kapu la sadaka lililomzidi kimo. Ilikuwa tarehe mosi ya mwezi mwandamo kwa kalenda ya zamani, siku ambayo pagoda zote hujaa, na ndiyo maana aliichagua.

"Wewe ndiye wa kampuni?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwembamba hivyo, utaweza kunivusha barabara?"

"Nishike mkono, mama. Usikimbie, usisimame. Tembea tu, wao watakukwepa."

Alinishika. Tulipofika ng'ambo aliangua kicheko.

"Haya, nimevuka Hanoi! Toan, umeona mama yako? Hebu turudi tuvuke tena."

Tukarudi, tukavuka tena. Nilimpenda, nasema kweli. Ingekuwa rahisi kama ningemchukia.

Tukanywa supu ya tambi, tukaenda ziwani. Akakaa kwenye benchi, akavua viatu, akaniambia ziwa ni zuri ila kwa ukubwa ule angefuga samaki wengi sana. Nikamtumia Toan ujumbe, ingawa alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa.

*Amekula, amekaa, amefurahi. Sema.*

Akasoma. Akajibu: *Acha tufike Tran Quoc, ni sehemu tulivu.*

Tulipofika Tran Quoc, Toan alishika simu sikioni.

"Kazini wananipigia. Kuna lifti imekwama."

Ni fundi wa lifti, sikatai. Lakini simu ile haikuita, nilikuwa karibu naye. Akaenda kusimama nyuma ya mti dakika ishirini. Nikamwandikia: *Lifti iliyokwama ni wewe.*

Bi Luu alikuwa akimtazama.

"Mwanangu huyo," alisema, "ana mikono ya dhahabu. Ila mdomo, Mungu hakumpa. Alipokuwa mdogo alivunja chungu changu cha samaki, akakizika bustanini. Nilikipata baada ya miaka mitatu nikipanda vitunguu."

"Ulimpiga?"

"Baada ya miaka mitatu? Nilimwonea huruma. Miaka mitatu yote anapita pale bustanini na roho juu!"

Chakula cha mchana niliwapeleka kwenye duka la nyama ya kuchoma na tambi, lile la viti vifupi. Tulikaa magoti yakigusa kidevu. Na hapo, bila hata kukohoa, Bi Luu akaniuliza:

"Una mume, binti?"

Vijiti vya Toan vilisimama hewani.

"Nilikuwa naye, mama. Tuliachana. Nina binti wa miaka saba."

"Alikuwa akikupiga?"

"Hapana. Alikuwa na mwingine."

"Ah. Afadhali umetoka." Akachagua kipande cha nyama kilichonona kuliko vyote, akakiweka kwenye bakuli langu. "Kula. Mtu anayelea peke yake anahitaji nguvu."

Nikamtazama Toan. Mlango ule ulikuwa wazi, hata kipofu angeuona. Toan akajiongezea pilipili.

"Natamani huyu wangu angempata mwenye akili kama wewe," Bi Luu aliendelea. "Ila asiwe amewahi kuolewa, unanielewa. Sikusemi vibaya. Kwetu nyumba zimebanana, na watu wana midomo. Mtoto wa kwanza wa kiume anaoa mwanamke mwenye mtoto? Wangenimaliza."

"Nakuelewa, mama."

Na kweli nilimwelewa. Aliniambia usoni. Niliyeshindwa kumwelewa ni yule aliyekuwa akila pilipili.

*

Pagoda ya Ha ilikuwa imejaa wasichana. Wengine wamekuja na rafiki, wengine na mama zao, wengine wamevaa barakoa wasijulikane. Wazee wanaoandikia watu barua za maombi walikuwa na foleni mpaka nje ya geti, kwa hiyo nikachukua karatasi zilizochapwa, zile za kujaza.

"Nijazie wewe," Bi Luu alisema. "Miwani nimeiacha kitandani. Toan, shika sinia vizuri, ndizi zinaanguka."

Toan alishika sinia: maua, ndizi, keki, karatasi za kuchoma. Uso wake ulikuwa mweupe kama zile karatasi. Nilitazama saa. Saa nane kasoro dakika tano.

"Jina?" nikauliza.

"Bui Van Toan. Alizaliwa Mwaka wa Mbuzi."

Nikaandika.

"Anaomba nini?"

"Mke."

"Wa namna gani, mama?"

"Mpole... Hapana, futa. Mpole wa nini? Toan mwenyewe mpole, watakufa njaa wote wawili kila mmoja anamngoja mwenzake aseme. Andika mwenye kauli."

"Mwenye kauli."

"Anayejua kupika, lakini si lazima sana. Anayejua njia. Asiyekasirika upesi na wazee."

"Nimeandika."

"Na ambaye hajawahi kuolewa. Hilo liandike kwa herufi kubwa."

Niliandika kwa herufi kubwa. Nikamwinulia Toan macho mara ya mwisho. Akatazama viatu vyake. Saa nane na dakika tatu.

Basi nikachukua karatasi ya pili.

"Hiyo ya nani?" Bi Luu akauliza.

"Yangu, mama."

"Kumbe nawe unatafuta?"

"Natafuta."

Nikaandika: Dao Thi Khuyen, Mwaka wa Joka, mama yake Ngan.

"Khuyen," Toan alisema kwa sauti ya chini. "Usiandike."

Mama yake akamgeukia. "Kwa nini asiandike? Amekukataza kuandika yeye?"

Nikaendelea: anaomba mwanamume atakayelitaja jina lake mbele ya watu wa kwao.

"Khuyen, tafadhali, usiiweke hiyo."

"Wewe Toan, una wazimu?" Bi Luu alikasirika. "Mwache mtoto wa watu aombe! Kama hana mtu?"

"Anaye!"

Alipaza sauti. Wasichana wa mbele yetu waligeuka. Ndizi mbili zilidondoka kutoka kwenye sinia na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Anaye nani?" mama yake akauliza.

"Mimi. Mimi ndiye mtu wake. Miaka miwili na nusu sasa, mama. Na Ngan, yule binti yake, mimi ndiye namfundisha baiskeli."

Bi Luu akatafuta ngazi, akakaa. Nilifikiri ninajua kinachofuata, nikachukua mkoba wangu.

"Wewe," aliniambia. "Asubuhi yote umenishika mkono ukijua?"

"Nikijua, mama."

"Na yale niliyosema mezani, ukala nyama yangu ukanyamaza?"

"Haikuwa kazi yangu kusema. Ilikuwa yake. Nilimpa mpaka saa nane."

"Sasa saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

"Amechelewa dakika kumi."

"Amechelewa miaka miwili na nusu, mama."

Msichana mmoja mwenye barakoa alisema "Kweli kabisa!" kisha akajifanya anasoma bango.

Bi Luu alinyoosha mkono. "Nipe ile barua ya Toan." Nikampa. Akaishika mbali na macho, hakuona kitu, akaikunja mara mbili akaitia kwenye kapu. "Hii yangu ilikuwa na herufi kubwa mahali pasipostahili. Sitaki kusema uongo: bado naogopa midomo ya watu. Ila mtu mzima kumtungia mwenzake salamu za mama yake... Maana lazima alikutungia, si ndiyo?"

"Alinitungia."

"Namjua. Ni kile chungu." Akamgeukia mwanawe. "Toan. Basi langu saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu, mama. Stendi ya My Dinh."

"Utapanda wewe."

"Mimi?"

"Kiti kimeshalipiwa. Utakwenda nyumbani, utaanza kwa shangazi zako, kisha majirani, nyumba moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho karibu na mto. Utawaambia una mchumba, anaitwa Khuyen, ameshawahi kuolewa, ana binti wa miaka saba. Kwa mdomo wako. Sitaki wasikie kwangu. Ukimaliza, rudi Hanoi uje umwombe msamaha kama atakuwa bado anakutaka."

"Na wewe mama utalala wapi?"

Bi Luu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ana wasiwasi.

"Ratiba yako imepungukiwa na kituo kimoja, binti. Sijamwona huyo Ngan. Kama utanikaribisha, basi la asubuhi lipo?"

"Lipo, mama. La saa kumi na mbili na nusu."

Sikuwa nimelia mbele ya watu tangu siku ya talaka yangu. Pale nililia, na wasichana wa Pagoda ya Ha wakanipa tishu kutoka pande zote.

Stendi ya My Dinh nilimsindikiza Toan mpaka mlango wa basi.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Bado."

"Utanisamehe?"

"Panda basi, Toan."

Akapanda.

Saa moja na robo jioni tulikuwa mezani kwangu. Ngan alikuwa akimwonyesha Bi Luu michoro yake, na Bi Luu, ambaye hakuwa na miwani, alikuwa akiisifu yote. Simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Toan, lakini sauti ya mwanamke, tena kali.

"Halo! Wewe ndiye Khuyen?"

"Ndiye mimi."

"Mimi shangazi yake mkubwa. Huyu kijana kasimama jikoni kwangu anatetemeka. Anasema ana mchumba aliyeachika na mtoto wa miaka saba. Anasema ukweli au amelewa?"

Bi Luu aliacha kula. Ngan naye akanitazama.

"Ni kweli, shangazi," nikasema.

"Haya. Basi nisikie yote kutoka kwako, maana huyu kashaanza kulia. Huyo mtoto anaitwa nani?"