Kovu Chini ya Skafu ya Mama Evans

Nina miaka arobaini na tatu, watoto watatu, na sauti ya kunong'ona. Sikuzaliwa hivi! Hapa kwetu karibu na Nyamache nilikuwa naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Wasabato, na nikiwaita watoto kutoka shamba la chai walinisikia mpaka ng'ambo ya mto. Leo nikiita, hata kuku hageuki.

Ugonjwa niliugundua kwa kifungo. Kifungo cha juu cha sare ya kwaya kilikataa kufunga. Nikaenda hospitali mjini Kisii, wakanipiga picha shingoni, wakanidunga sindano na kuvuta chembe za kupima.

Daktari alinieleza vizuri, sina la kumlaumu. Alisema vinundu kwenye tezi ya shingo ni vya kawaida, vingi havina neno, vingine huachwa tu vikiangaliwa. Lakini kimoja changu kilimtia shaka. Alitaka kitolewe mapema, kabla hakijafika kwenye mshipa wa sauti.

Kisu? Kooni? Mahali tunapochinjia kuku? Nilitoka pale bila kuchukua tarehe ya upasuaji.

Na aliyenipokea nyumbani ni nani? Mama Evans, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Tunaishi boma moja, tunachota maji kwenye tangi moja. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na alikuwa akiuza dawa za Kichina, zile za kuandikishana, kila mteja unayemwandikisha akikupandisha cheo. Aliniambia hata yeye alikuwa na uvimbe kama wangu, akanywa chai ya Kichina, ukayeyuka wote!

"Mama Duke, mimi ni dada yako," alisema akinishika mkono. "Achana na watu wa visu. Hii ni mitishamba, haina kemikali."

Shingoni alikuwa na skafu yake ya zambarau, ile asiyoivua hata jua likiwaka. Niliiona. Nikaisifu hata, mjinga mimi!

Mume wangu alinisihi nimsikilize daktari. Nikamnunia wiki nzima, nikamwambia anataka kunizika.

Sasa cheka kama unaweza... Sisi Wasabato wa huku tunachuma majani chai kutwa na hatuyanywi, tumefundishwa hayafai mwilini. Na mimi huyo huyo, nisiyeonja chai ya shamba langu, nikawa nakunywa maji meusi ya kopo jekundu lenye maandishi nisiyoyajua! Yalinuka kama soksi iliyolowa na kusahaulika. Niliziba pua, nikaomba, nikameza. Asubuhi na jioni, mwaka mzima na zaidi.

Uvimbe ukakua. Mama Evans akanipeleka kwenye chumba cha wauza dawa wenzake mjini, nikashikishwa chuma, kompyuta ikasema sumu inatoka. Akaniambia lazima uvimbe ukue kwanza ndipo ushuke. Jamani, nilikuwa na kioo nyumbani! Kioo kilinionyesha shingo imejaa, nami nikaamini kompyuta.

Kisha ikaja Sabato ya Meza ya Bwana. Kwetu kabla ya kula mkate tunatawadhana miguu, wanawake chumba chao, wawili wawili, na kama una neno na mwenzako mnalimaliza hapo. Mama Evans akanichagua mimi. Akapiga magoti, akaweka miguu yangu ndani ya beseni, akaanza kuosha huku akiomba nipone.

Skafu ikateleza. Ikaangukia majini.

Obee! Shingoni mwake, chini kabisa, kulikuwa na kovu jembamba, refu, lililonyooka. Kovu la kisu cha daktari! Macho yetu yakakutana.

Nilimuuliza ni nini. Akanong'ona nitulie, tuko nyumba ya Mungu. Sikutulia. Mbele ya wanawake wote akakiri kwamba siku zile alizodai amekwenda Nairobi kumlea mjukuu, alikuwa amelazwa hospitali. Alitolewa uvimbe mapema, akapona! Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichefua: "Kwani nilikulazimisha kunywa?"

Nilitoa miguu yangu kwenye maji yale kama mtu anayeitoa kwenye kinyesi. Sikuifuta. Nilitembea hadi nyumbani bila viatu, nikasugua ngozi kwa sabuni ya kufulia, na bado nilihisi vidole vyake. Ptuu!

Jumatatu nilikuwa hospitali. Daktari hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa imeuzingira mshipa wa sauti. Uhai wangu waliuokoa. Sauti ikabaki pale.

Nikitaja jina la Mama Evans mate ya kutema hunijaa mdomoni. Lakini kinyaa kingine ni changu mwenyewe, nami nitakisema. Katika mwaka ule nilimsifia chai ile mwenzangu wa kwaya, mjane mwenye goita. Nilimwambia nasikia nafuu, na sikuwa nasikia chochote! Nilitaka tu nisiwe mjinga peke yangu. Nilipotoka hospitali nilikwenda kwake kwanza, nikamwomba msamaha kwa hiki kinong'ono, nikampeleka kwa daktari mwenyewe. Kinundu chake hakikuwa kibaya. Mungu alinihurumia hapo.

Wasomaji wenzangu, sisemi dawa za Wachina zote ni takataka, hilo silijui. Nasema pimwa, na ukishapimwa msikilize aliyekupima. Una hofu ya kisu? Mwambie daktari hofu yako, usimpelekee muuza makopo. Na akija mtu wako wa karibu, wa kanisani, wa boma lako, akuapie kwamba chai imemponya... usimbishie. Mwambie tu afungue skafu kwanza.