Chumba Kilichobisha Hodi

Kofi lilikuwa moja, lakini yalirudi mawili.

Masikio, fundi wa kurekodi muziki aliyepewa jina hilo kwa kusikia wasivyosikia wenzake, alisimama katikati ya stoo ya nyumba yao akapiga kofi tena. Ndiyo kawaida ya kazi yake: ukitaka kujua chumba kina mwangwi kiasi gani, kipigie kofi usikilize kinavyojibu. Hiki kilijibu mara mbili, na jibu la pili lilichelewa kidogo, kama mtu aliyefikiri kwanza. Akajiambia ni kuta tupu za saruji tu. Roho yake haikukubali.

Hata hivyo, muda wa kuogopa hakuwa nao. Vidole vya dada yake vilikuwa vikikakamaa, na daktari alishasema wazi kwamba ana wiki chache tu za kupiga gitaa. Alikuwa amebakiza wimbo mmoja, aliomtungia marehemu mama yao, aliyezoea kuimba humohumo stoo, na kila walipojaribu kuurekodi, mwangwi wa stoo uliuvuruga.

"Mdogo wangu, hili si gitaa tena," dada alimtania. "Ni ndoo imetumbukia kisimani."

Basi Masikio akaiinua amplifaya ya gitaa kutoka sakafuni akaipandisha juu ya kiti, mbali na kona. Maiki akaisogeza hadi ikabaki nafasi ya vidole viwili mbele ya spika yake, akapunguza na sauti. Kuta akazifunika kwa magodoro na mablanketi ya nyumba nzima, mpaka mkewe akauliza kama leo watalala kwenye chaga. Akapiga kofi. Kimya kabisa. Akafurahi kama mjinga.

Dada akaenda jikoni kuloweka vidole kwenye maji ya moto. Masikio akakaa sebuleni na hedifoni zake, maiki ya stoo ikiwa wazi. Ilikuwa mchana kweupe. Kwanza ilimjia harufu ya saruji mbichi, katika nyumba yenye miaka thelathini, kisha akasikia kitu kikipapasa nyuma ya magodoro, taratibu, ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikizunguka na kurudi kilikoanzia kama aliyepotewa na mlango wa kwake, mpaka kikafika kwenye maiki, kikavuta pumzi, na kwa sauti ya dada yake, iliyochelewa kidogo, kikasema, "Hodi."

Masikio akadhani dada amerudi na analeta mzaha wake. Akaitika kama anavyoitika yeyote aliyelelewa vizuri.

"Karibu. Karibu ndani."

Dada akatokea jikoni, mikono ikichuruzika maji. "Unamkaribisha nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Si wewe uliyebisha?"

"Nilikuwa jikoni."

Masikio akakimbilia stoo, akang'oa magodoro yote. Sasa alielewa. Kitu kile kiliishi ndani ya mwangwi, naye alikuwa amekifukuza kutoka makaoni mwake, kisha akakifungulia mlango kwa mdomo wake mwenyewe. Akapiga kofi ili kirudi kwenye kuta zake. Kuta tupu hazikujibu.

"Dada, tuache," akanong'ona. Na ndani ya kifua chake, kwa kuchelewa kidogo, kitu kikanong'ona: tuache.

Dada hakusikia. Alikuwa amemfuata stoo, akashika gitaa na kujaribu noti mbili, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Sikiliza lilivyo safi! Usinivunje moyo sasa, vidole vimepata joto. Nihesabie." Akafumba macho, kama afanyavyo siku zote anapopiga.

Masikio alimpenda dada yake kuliko alivyoogopa. Akawasha mtambo. Mdomo hakuthubutu kuufungua. Akabana meno, akahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne.

Dada akaingia palepale, macho yake yamefumbwa. Akaupiga wimbo wote bila kukosea hata mara moja. Noti ya mwisho ilipokufa, aliendelea kufumba macho.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "mbona umenihesabia kwa sauti ya mama?"