Sululu Thelathini na Mbili

"Andika: sululu thelathini na mbili."

Johari hakuandika.

"Wapi hao, Shee?"

"Si hao hapo matopeni! Wanakula."

Subhanallahi! Matope yote ya Port Reitz, upande wa Changamwe, yalikuwa meusi kwa mafuta yaliyomwagika juzi. Sululu, ndege wa pwani hao, walikuwapo, ndiyo, lakini wamelala ubavu, midomo yao mirefu imezama topeni. Hata mmoja hakuwa akila.

Hawa walikuwa binamu, jamani, na nikaha yao Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kila Oktoba, ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya wakiingia bandarini, walizunguka ufuo kuwahesabu, Shee na darubini, Johari na daftari. Mapenzi yao yalianzia humo. Mwaka huo wa 1994, jamaa wa Likoni hadi Kisauni walikwisha alikwa.

Johari akafunua ukurasa wa mwaka jana. Sululu thelathini na mbili. Vitwitwi mia na kumi. Hesabu zote alizotajiwa tangu asubuhi zilikuwa zile zile.

Akainama, akaokota sululu mmoja, akamwinua mbele ya uso wa Shee.

"Huyu ndege gani?"

"Yupi tena?" Shee akatabasamu, uso kauelekeza pembeni.

Johari akamtia mzoga mkononi. Shee akapapasa bawa, akapapasa mdomo.

"Amekufa?"

"Wamekufa wote. Nawe huoni."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Shee ilikomea matopeni.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Daktari amesema macho hayaponi. Sasa naona mwangaza tu."

"Na likizo ya kazini uliyonambia?"

"Hakuna likizo. Wamenitoa."

"Nani ajua?"

"Mama."

"Shangazi? Aliyeniletea kanga za posa akinichekea?"

"Niliogopa, Johari. Tukasema ukishakuwa mke wangu hutaniacha. Utawaonea haya watu."

"Mlinitega!"

"Nakupenda, wallahi."

"Najua wanipenda! Ungenambia siku ile ile, ningeolewa nawe kesho yake. Ningekushika mkono barabarani, na anicheke atakaye."

"Basi sasa wajua. Nishike."

"Sasa najua mwaweza kunicheka usoni miezi saba, mama na mwana. Nikilala nyumba ile nitamwamini nani?"

Alilia kwa sauti, bila kujali wapita njia. Alitaka kuondoka zake, lakini maji yalishaanza kujaa, na Shee alikuwa akipapasa hewa akimtafuta. Uchungu ulioje! Akamshika mkono, wakapanda bara.

Njiani jirani mmoja, Fondo, akawapigia kelele:

"Maarusi hao! Mwashikana mpaka barabarani!"

Wakampita.

Mama Shee, Bi Mwanatabu, alikuwa barazani akichagua mchele wa harusi.

"Mbona mapema, wanangu?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Walia nini?"

Johari akauchukua mkono wa Shee, akauweka katika mkono wa mama yake.

"Mshike mwanao, hapo pana kizingiti. Ijumaa msije kwetu."

Ungo ulimponyoka Bi Mwanatabu, mchele ukatapakaa. Johari alikwisha geuka, analia njia nzima.

"Johari?" Shee aliita, akiuelekea ukuta. "Johari, u hapo?"

Mama yake ndiye aliyemjibu.

"Ingia ndani, mwanangu. Amekwenda."