Mguu wa Dada Mlangoni

Hodi ilibishwa kutoka ndani ya chumba cha mgonjwa. Hodi ya wahudumu wenyewe ile: mara mbili, kimya, mara moja. Na humo ndani, jamani, hamkuwa na mtu. Mtalii aliyelala humo alitolewa asubuhi, kafunikwa shuka mpaka usoni.

Mhudumu wa vyumba alimgeukia dada yake, nesi wa meli. "Dada, umesikia?"

"Mabomba hayo. Ingia upige dawa, mdogo wangu, abiria wapya wanapanda sasa hivi."

Nusu ya meli ilikuwa ikitapika, na kipaza sauti kikazidi kutangaza kuwa bahari ndiyo imechafuka. Bahari gani, iliyotulia kama maji ya beseni! Lakini dada ndiye aliyemtafutia kazi hii, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Angemkatalia vipi? Tena utaratibu ulikuwa wazi: chumba cha mgonjwa huingiwa na watu wawili, mmoja asafishe, mwingine azuie mlango kwa mguu, maana ukijifunga haufunguki bila kadi, na kadi hukaa kwa nesi hadi abiria wapya wapewe.

"Usitoe mguu, dada."

"Niutoe niende wapi? Mwoga wewe!"

Akaingia. Klorini ilimkaba koo, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya nguo mbichi zilizovunda, na godoro tupu likabonyea taratibu, likainuka, kisha zulia nalo likaanza kubonyea, hatua kwa hatua, likimjia, hadi pumzi ya moto ikamgusa shingoni na sauti ikamnong'oneza jina lake la utotoni, lile walilolijua mama na dada, basi.

"Dada!"

Mlango ukajifunga.

"Nisamehe," dada alilia nje. "Pepo hili limenikalia tangu safari iliyopita. Ni mimi ninayelipeleka kwa abiria hadi wanaugua, kwa mikono hii hii. Limesema litaniachia nikilipatia mtu wa damu yangu."

"Mimi, dada? Mimi?" Aliupiga mlango kwa viganja.

 Alisikia viatu vya dada vikienda zake, vyepesi, vya mtu aliyepona. Kisha magurudumu ya masanduku na vicheko vya watoto. Akataka kupiga kelele wakimbie. Mkono wake ukainuka wenyewe, ukabisha: mara mbili, kimya, mara moja. Mdomo wake ukaita kwa sauti tamu, "Karibuni!"

"Mama," mtoto alifurahi nje, "wanatukaribisha!"

Kadi ikalia mlangoni.