Mafuta Yaliyogeuka Sabuni

Mama Unga alifagia kibanda cha mashine ya kusaga, ingawa hapakuwa na cha kufagia. Dizeli ilikuwa imeadimika, na wiki ya tatu sasa hawajasaga hata punje. Wanawake walipita na mahindi yao kwenda kwenye mashine ya umeme ya mbali. Zamani walimsalimia. Siku hizi walitazama chini.

Mumewe alikaa juu ya gunia tupu, ameipa injini kisogo.

"Ijumaa anakuja yule wa vyuma chakavu," alisema. "Nimeshamkubalia."

"Baba watoto, tukiiuza tutakula nini?"

"Kwani sasa tunakula nini?"

Mama Unga akaendelea kufagia. Naye alikuwa amekata tamaa, ila hakutaka kuwa wa kwanza kulisema.

Si kwamba hawakujaribu. Walisikia kuwa mafuta ya kupikia hugeuzwa dizeli, wakakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa hotelini. Mara mbili walichanganya dawa, yaani soda kali na spiriti ya methanoli. Mara mbili yakaganda kama uji. Dawa iliyobaki ilitosha jaribio moja tu.

Jirani yao, mtunza maabara wa sekondari, alipita siku ya Jumanne. Akachokoa kwa kijiti mafuta yaliyoganda ndani ya dumu, akacheka.

"Shoga, mmepika sabuni!"

"Cheka tu," mume alisema. "Sisi kicheko kimetuishia."

Jirani akatupa kijiti. Kisha akauliza, "Mafuta mliyafanya nini kwanza?"

"Niliyaosha," Mama Unga alijibu haraka. "Yalijaa makombo. Nikayamwagia maji ya moto, nikakoroga, nikayaengua. Mimi nasaga chakula cha watu, uchafu siutaki."

"Basi usafi wako ndio uliowaponza. Mafuta yakiwa na maji, ile soda kali inatengeneza sabuni. Kuosha ni mwishoni."

Mama Unga alitamani ardhi immeze. Kumbe ni mkono wake! Mumewe hakumgombeza, wala hakumtazama. Hilo lilimuuma zaidi.

Walianza upya bila matumaini. Walichuja mafuta kwa kitambaa. Wakayachemsha mpaka yakaacha kutoa mapovu, ishara kwamba maji yamekwisha. Wakazima moto, wakayaacha yabaki na uvuguvugu. Jirani alivaa miwani na glovu, akapima soda kali kwenye mizani, akaiyeyusha ndani ya methanoli, nje penye upepo.

"Methanoli ni sumu," alionya. "Inapofusha, na inashika moto upesi. Watoto wakae mbali kabisa."

Wakamimina, wakafunika, wakakoroga saa nzima.

"Yakiganda tena?" Mama Unga alinong'ona.

"Yakiganda, yameganda," mume alisema.

Kesho yake kitu kizito cheusi kilikuwa kimezama chini.

"Hiyo ni gliserini, masalio ya mafuta," jirani alisema. "Itoeni. Sasa, shoga, osha mpaka uchoke!"

Mama Unga aliyaosha mafuta kwa maji, taratibu, mara tatu. Kisha wakayakausha mpaka yakang'aa.

Ijumaa asubuhi walichanganya mafuta hayo na dizeli kidogo iliyobaki. Mume akazungusha hendeli ya injini. Injini ikakohoa, ikazimika. Mama Unga akafumba macho. Mume akazungusha tena. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma.

Mama Unga alijificha nyuma ya magunia, akalia kwa sauti.

Mtu wa vyuma chakavu alifika na mkokoteni, akasema jambo mlangoni. Mume akaweka kiganja sikioni.

"Paza sauti!" alimwambia. "Sikusikii, mashine inasaga!"