Kidirisha Kilichozibwa kwa Saruji

"Kwa hiyo unakiziba kweli, jirani?"

"Nakiziba, Mama Cherehani. Wageni wanataka faragha, hawataki harufu ya vitunguu vyako."

"Vitunguu hivyo hivyo vilivyokuotesha kitambi!"

Meneja alicheka, lakini mwiko wa saruji haukusimama. Jina la Meneja alipewa na mtaa, tangu alipoanza kulaza watalii wanaokuja kijijini kutazama nyumba za udongo.

Hapo awali watu hawa walikuwa chanda na pete. Nyumba mbili, ukuta mmoja, na katikati ya ukuta kidirisha. Humo zilipita chumvi, kaa la moto na umbea wote wa mtaa. Meneja alipofiwa na mama yake akiwa mdogo, sahani yake ya chakula ilipita humo humo, mkononi mwa Bibi, mama yake Mama Cherehani. Na kila mwaka kabla ya mvua, nyumba zote mbili zilitoka kuukandika ukuta upya, huyu upande wake, yule upande wake.

Sasa Meneja aliuonea udongo aibu. Akapiga saruji, akapaka rangi nyeupe, kisha nje akatundika kibao: LALA NYUMBA YA KALE.

"Kaka, kitanda cha mama kiko nyuma ya ukuta huo," Mama Cherehani alimsihi. "Udongo ukifungiwa maji, unaoza."

"Saruji ni nguvu, dada. Utanishukuru."

Meneja alijua, jamani! Baba yake alimfundisha. Ila tamaa ilishamziba masikio.

Wageni walikuja, wakauliza kwa adabu nyumba ya kale iko wapi, wakavuka kupiga picha kwa Mama Cherehani. Mvua ikanyesha. Ukuta ukafura kama shavu lenye jino bovu, na mchana mmoja ukaporomoka wote.

Meneja alirukia vifusi miguu mitupu. "Bibi! Bibi yangu!"

"Punguza kelele," ilijibu sauti kutoka chumba cha kushonea. Mama Cherehani alikuwa amemhamishia mama yake humo, katikati ya vitambaa. "Umeshavunja ukuta, usinivunje na masikio."

Meneja akaketi juu ya vifusi akalia kama mtoto.

FUNZO

Ndugu zangu, wageni tuwakaribishe, riziki hiyo. Lakini mgeni hakufunga safari kuja kuona saruji, kwao imejaa. Kakufuata wewe, na mikono iliyojenga nyumba yako. Ukiifukia kwa ajili yake, umemkosa yeye na umemkosa jirani.

Meneja hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikiteremsha kibao, akakunja suruali, akaanza kuukanyaga udongo wa ukuta mpya. Mahali pa kidirisha alishapapima.

Bibi alimtazama kutoka kitandani, akanusa harufu ya sufuria iliyokuwa jikoni.

"Mwanangu, ukuta hautakimbia. Kanawe, upitie hapo hapo ulipobomoa. Vitunguu vimeiva, njoo ule."